Mawe Mazuri na Mikono Iliyoyabeba

Dominika ya 33 ya Mwaka C wa Kanisa
Masomo: Mal 3:19-20, 2 Thes 3:7-12, Lk 21:5-19



Imebaki Dominika moja tu, ile ya Kristo Mfalme, nao mwaka wa Kanisa utafungwa. Mama Kanisa, kama mzazi anayewakusanya watoto jioni, anatuwekea mbele leo masomo yahusuyo mwisho wa mambo yote. Nabii Malaki anasema habari za siku iwakayo kama tanuru. Mtume Paulo anawakumbusha Wathesalonike kwamba hakula chakula cha mtu bure, bali alifanya kazi usiku na mchana asimlemee yeyote. Na katika Injili tunawakuta watu wamesimama hekaluni Yerusalemu, wakisifia mawe mazuri na sadaka zilizolipamba hekalu. Bwana wetu hakuwakataza kutazama. Aliwaambia tu kwamba siku zinakuja ambapo halitabaki jiwe juu ya jiwe lisilobomolewa.

Leo tungependa kuwasimulia, ndugu wapendwa, jinsi sisi nasi tulivyosimama mbele ya mawe mazuri tukayasifia; na jinsi dada yetu wa tumbo moja, mkulima wa Nyakitonto, alivyotufundisha kuyasoma mawe hayo.

Mwaka 2023 tulitimiza miaka 25 ya upadre. Waumini tunaowatumikia walichanga kwa ukarimu ili twende hija Roma, kwenye makaburi ya Mitume Petro na Paulo. Mchango ulitosha nauli ya mtu mmoja. Tuliwauza ng'ombe wawili tuliozawadiwa siku ya jubilei, tukaongeza akiba yetu ndogo, tukaomba ruhusa ya kumchukua dada. Wapo walioshangaa. Waliuliza: mama wa kijijini, asiyejua Kiingereza wala Kiitaliano, anafuata nini Roma? Tuliwajibu kwamba bila mama huyo sisi tusingefika hata Kasulu mjini, sembuse Roma.

Nao ndio ukweli. Dada yetu ametuzidi miaka sita. Alipomaliza darasa la saba, baba alikuwa na uwezo wa kumsomesha mtoto mmoja tu zaidi ya hapo, akaamua kuungoja wakati wa wavulana. Dada hakubishana. Akashika jembe. Sisi tulipochaguliwa kuingia seminari ndogo, karo yetu ilitoka katika maharage yake. Alilima, akavuna, akapura, akayabeba kichwani hadi sokoni Makere, akarudi na fedha amezifunga katika pindo la khanga. Hata alipoolewa kijiji cha jirani hakuacha kutuma chochote alichopata. Tulipokuwa Kipalapala tukisoma teolojia, barua zake zilifika zikiwa na noti iliyokunjwa ndani, na sentensi moja tu aliyozoea kuandika: sisi hatujambo, wewe soma.

Hija yetu iliangukia siku za furaha. Tarehe 30 Septemba 2023, katika uwanja wa Mtakatifu Petro, Papa Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, alimfanya Kardinali Askofu Mkuu Protase Rugambwa, yule aliyekuwa Askofu wetu wa Kigoma tangu mwaka 2008 hadi 2012. Mchungaji aliyezila vumbi za barabara zetu alipiga magoti mbele ya Baba Mtakatifu akavikwa kofia nyekundu. Dada alilia. Akasema, "Mungu hasahau vijijini."

Siku mbili baadaye tulikwenda kuuona uwanja wa kale uitwao Colosseum, ambao picha yake wengi wenu mmeiona katika vitabu na kalenda. Hapo, ndugu zangu, sisi tunaozungumza nanyi tuligeuka kuwa walimu. Tulikuwa tumesoma historia ya Kanisa, na tulitaka dada ajue kwamba maharage yake hayakupotea bure. Tulimweleza kwamba ujenzi ulianza siku za Kaisari Vespasian, yapata mwaka 72, na kwamba mwanawe Titus aliuzindua mwaka 80 kwa michezo iliyodumu siku 100. Tulimwonyesha urefu wake wa mita 188, upana wa mita 156, na kuta zinazopanda karibu mita 48. Tulimwambia kwamba watu wapatao 50,000 waliweza kukaa humo. Tulimwonyesha namba za Kirumi ambazo bado zinasomeka juu ya matao ya chini, kwa maana milango ilikuwa 80, na kila mtu alijua aingilie wapi, kama leo mtu anavyopewa tiketi ya uwanja wa mpira.

Tulimweleza pia yaliyotendeka ndani. Watu walipigana hadi kufa ili wengine wafurahi. Wanyama wa porini waliletwa kwa meli kutoka Afrika ya Kaskazini, wakapandishwa kutoka vyumba vya chini kwa vyombo vilivyovutwa kwa kamba, wakatokeza ghafula mchangani. Mapokeo husema kwamba Wakristo nao walimwaga damu yao hapo, na jina la Mtakatifu Inyasi wa Antiokia, aliyeuawa na wanyama mjini Roma mwanzoni mwa karne ya pili, huunganishwa na mahali hapo.

Dada alisikiliza yote kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza mahubiri marefu. Kisha akaweka kiganja chake ukutani, akauliza, "Padre, mawe haya yalitoka wapi?"

Tukajibu kwamba yalichimbwa karibu na Tivoli, yapata kilometa 30 kutoka mjini.

"Nani aliyabeba?"

Tukasema kwamba kazi nzito za namna ile zilifanywa na watumwa na mateka wa vita.

"Majina yao yameandikwa wapi?"

Tukanyamaza kidogo. Tukakiri kwamba hayakuandikwa.

"Na haya matundu?" Kwa kweli kuta zile zimejaa matundu, kama ukuta uliopigwa risasi. Tukamweleza kwamba mawe yalikuwa yameshikamanishwa kwa vyuma, na kwamba karne nyingi baadaye, Roma ilipoishiwa nguvu, watu walichokoa vyuma hivyo wakavitumia kwa mambo yao. Tetemeko la ardhi la mwaka 1349 liliangusha sehemu kubwa ya upande wa kusini, na mawe yaliyoanguka yalichukuliwa kujengea majumba ya wakubwa na hata makanisa.

Akaitikia kwa kichwa. Akatazama juu, safu baada ya safu, akauliza swali la mwisho. "Wanawake walikaa wapi?"

Tulilijua jibu, tukalisema upesi pasipo kufikiri. Tukamwambia kwamba chini kabisa, karibu na uwanja, walikaa Kaisari na maseneta, wakafuata matajiri, kisha watu wa kawaida, na juu kabisa, mahali ambapo mtu chini alionekana kama siafu, kulikuwa na viti vya mbao vya wanawake, pamoja na watumwa na maskini.

Dada akatazama tena kule juu. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akasema, "Kumbe hata huku."

Tulitoka nje tukatembea hatua chache hadi kwenye tao la ushindi la Titus. Ndani ya tao hilo imechongwa picha ya askari wa Roma wakipita na mateka waliyoyateka. Wamebeba mabegani kinara cha taa chenye matawi saba. Dada alikitambua mara moja, kwa sababu amekuwa katekista msaidizi miaka mingi na amewafundisha watoto habari za Musa. Akasema, "Hiki ni cha hekaluni."

Hapo ndipo Injili ya leo ilipotushukia, ndugu zangu. Hekalu lile ambalo wanafunzi walilisifia, Titus huyu huyu ndiye aliyeliteketeza mwaka 70, miaka 40 hivi baada ya Bwana kusema maneno yake. Mwanahistoria Myahudi wa wakati ule, Flavius Josephus, anataja mateka 97,000 waliochukuliwa katika vita hivyo. Wataalamu waliochunguza upya maandishi ya kale yaliyochongwa kwenye jiwe moja la Colosseum wameonyesha kwamba uwanja ule ulijengwa kwa mali ya nyara. Na nyara kubwa ya siku zile ilitoka Yerusalemu. Maana yake ni nini? Jiwe halikubaki juu ya jiwe kule, ili jiwe lipandishwe juu ya jiwe huku. Uzuri tulioutazama asubuhi ile ulikuwa na gharama, na waliolipa gharama hawakuketi kwenye viti vya mbele.

Tuliketi kivulini. Dada alikuwa kimya, nasi tukamwuliza kama amechoka. Mbele za watu hutuita Padre. Lakini safari hii alituita jina lile la nyumbani. Akasema, "Mdogo wangu, nimeikumbuka siku ya ukoo."

Inatupasa kuwaeleza siku hiyo. Baba yetu alifariki mwaka 2009. Dada alikuwa amefiwa na mumewe, amerudi nyumbani, na ndiye aliyemuuguza baba kwa miaka mitatu, akamwosha, akamlisha, na kulilima shamba lake. Baada ya matanga wazee wa ukoo walikaa kugawa ardhi: ekari sita, zenye migomba, kahawa na sehemu ya bondeni inayofaa maharage. Tulikuwa wavulana watatu na wasichana wawili. Wavulana tulipewa ekari mbili mbili. Wasichana hawakupewa kitu, kwa hoja iliyozoeleka kwamba binti ni wa kuolewa na ardhi ya ukoo haitoki nje. Dada akaambiwa anaweza kuendelea kuishi katika nyumba ya baba, kwa hisani ya kaka zake.

Nasi tulikuwapo. Padre mwenye shahada, aliyesomeshwa kwa maharage ya shamba lile lile na mikono ya dada yule yule, alipewa ekari mbili ambazo hakuzihitaji, akasema asante. Hatukusema neno jingine. Tulijiambia kwamba si vema padre kuingilia mila za wazee. Kwamba tukisema tutazusha ugomvi msibani. Kwamba Mungu atampa dada riziki yake. Ekari zetu akazilima kaka yetu mkubwa, nasi tukarudi parokiani kuhubiri haki.

Pale Roma dada alituambia hivi, na maneno yake hatutayasahau: "Ardhi sikuililia. Nililia kwa sababu wewe ulikuwapo, na kusoma unajua, na hukusema neno."

Wapendwa wasikilizaji, katika Injili ya leo Bwana anawaambia wanafunzi wake kwamba watasalitiwa hata na wazazi, ndugu, jamaa na rafiki. Mstari huo tumeusoma mara nyingi altareni, na kila mara tulijihesabu upande wa wanaosalitiwa. Siku ile, kwenye kivuli cha tao la Titus, tulijiona upande wa pili. Kumbe mtu aweza kumsaliti ndugu yake pasipo chuki na pasipo kumpeleka mahakamani. Inatosha anyamaze wakati neno lake lilikuwa na uzito.

Tuchukue basi mafundisho matatu katika masomo ya leo.

La kwanza: kabla ya kulisifia jiwe, tuulize ni nani aliyelibeba. Watu waliosimama hekaluni walisifia mawe na sadaka. Lakini sura ya 21 ya Luka haianzi na mawe. Inaanza na mjane maskini anayetia sarafu mbili katika sanduku la hazina, na Bwana anayemwona. Wengine wanatazama kuta. Bwana anamtazama mama. Mama huyo ndiye aliyelipia kuta zile kwa riziki yake yote, wala hakuna aliyemtaja isipokuwa Kristo. Tutazame na kwetu. Kigangoni kanisa linapojengwa, ni nani wanaosomba maji mtoni na kubeba mchanga na matofali kichwani? Na siku ya kutabarukiwa, ni majina ya nani yanayochongwa penye jiwe la msingi, na ni nani wanaobaki jikoni wakikoroga ugali wakati wageni wanapiga picha? Marehemu Papa Fransisko aliiweka Dominika hii ya 33 kuwa Siku ya Maskini Duniani, ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2017. Tusiifanye iwe siku ya kutoa sabuni na sukari peke yake. Iwe siku ya kuuliza: ni maskini gani aliyetubeba hadi hapa tulipo, na tumemlipa nini? Mtume Paulo hakutaka kula chakula cha mtu bure. Sisi tuliosoma, tuliokula jasho la dada zetu na mama zetu, tunalo la kujibu.

La pili: mawe yote yataanguka, na kinachosalia ni uaminifu. Bwana anamalizia Injili ya leo kwa kuahidi kwamba wale watakaovumilia watajipatia uzima. Huo uwanja wa Colosseum ulijengwa ili utangaze nguvu za Kaisari milele. Leo nusu yake imebomoka, na viti vya maseneta vimetoweka karibu vyote. Katikati ya karne ya 18 Papa Benedikto wa Kumi na Nne aliuweka wakfu kwa kumbukumbu ya Mateso ya Kristo na mashahidi wake, akaweka humo vituo vya Njia ya Msalaba. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliirudisha desturi ya kufanya Njia ya Msalaba hapo Ijumaa Kuu, nayo imekuwa ibada inayofuatwa na ulimwengu mzima. Fikirini jambo hilo! Mahali ambapo umati ulishangilia damu ya wanyonge, leo umati unapiga magoti mbele ya Mnyonge aliyesulubiwa. Kaisari alidhani anajenga kiti chake. Kumbe alikuwa anaandaa mahali pa msalaba. Basi, wewe unayenyanyaswa leo, usiyehesabiwa katika mgawo wa nyumbani, usikate tamaa. Malaki anasema kwamba kwa wanaolicha jina la Bwana, jua la haki litachomoza lenye kuponya katika mabawa yake. Jua ni lile lile: huteketeza makapi, na huponya waliosimama katika haki.

La tatu: haki ianzie nyumbani, tena mapema. Wapo watakaosema kwamba haya ya binti kurithi ni mambo ya Wazungu. Sisi pia tuliambiwa hivyo. Fungueni Kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Mabinti watano wa Selofehadi, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, walisimama mbele ya Musa, kuhani na wakuu wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lipotee kwa sababu hakuacha mwana wa kiume. Musa hakuwa na jibu mfukoni. Akalipeleka neno lao mbele za Bwana. Na Bwana akasema kwamba mabinti hao wamesema kweli, wapewe urithi kati ya ndugu za baba yao. Makatekista wapendwa, mabinti hao wanayo majina katika Maandiko Matakatifu. Wafundisheni watoto majina hayo. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na inasema kwamba kanuni ya mila inayomnyima mwanamke haki hiyo haina nguvu. Kwa hiyo anayetetea haki ya dada yake hasimami peke yake. Anasimama na Neno la Mungu, na anasimama na sheria ya nchi.

Mtatuuliza: nanyi mlifanya nini mliporudi?

Januari 2024 tuliwaita ndugu zetu wote nyumbani Nyakitonto, pamoja na wazee wawili wa ukoo. Tulikiri mbele yao kosa letu la mwaka 2009, kisha tukatangaza kwamba ekari zetu mbili tunamkabidhi dada. Kaka yetu mkubwa aliinuka akatoka nje. Tulimfuata. Akatuambia kwa uchungu kwamba tumekwenda Ulaya na kurudi tumevunja ukoo. Tulitaka kumjibu kwa Kitabu cha Hesabu, lakini tulimtazama mikono, tukaona sugu za miaka 14 ya kuilima ardhi ile. Naye alikuwa mbeba mawe. Tulikuwa tumeitengeneza haki ya dada kwa kumnyang'anya kaka ghafula, pasipo kuzungumza naye kwanza. Tuliomba radhi. Tulikubaliana kwamba mazao yaliyokuwa shambani avune yeye, na kahawa aliyoipanda mwenyewe aendelee kuichuma misimu mitatu. Baada ya hapo shauri lilipelekwa serikali ya kijiji, majirani wakashuhudia mipaka, na dada akaandikishwa hakimiliki ya kimila kwa jina lake mwenyewe. Siku alipoletewa karatasi hiyo aliisoma polepole mpaka mwisho, akarudia jina lake mara mbili, kisha akaifunga katika pindo la khanga, mahali pale pale alipokuwa akifunga karo yetu.

Pamoja na hayo, kaka yetu hakutuamkia kama zamani kwa muda mrefu. Hatutaki kuwadanganya, ndugu zetu: haki ina machungu yake, na Injili ya leo haikuahidi kinyume. Lakini Krismasi iliyopita alimtuma mwanawe atuletee mkungu wa ndizi. Na kabla ya kuyasema haya redioni tulikwenda kumwomba ruhusa yeye na dada. Dada alisema, "Sema, watoto wa wengine wapone." Kaka alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Sema. Lakini sema pia kwamba niliilima ardhi ile, sikuiacha iwe pori." Ni kweli, kaka. Tumesema, na nchi nzima imesikia.

Basi, wapendwa, jioni ya leo mnapokutana katika familia na katika Jumuiya Ndogo Ndogo, jiulizeni maswali mawili. Ni nani aliyenibeba, ambaye jina lake sijalitaja? Na ni wapi niliponyamaza, wakati neno langu lingemwokoa ndugu yangu? Enyi wazazi, andikeni wosia mkingali na nguvu, na mabinti zenu muwahesabu. Enyi makatekista, msiogope kulisema jambo hili katika mafundisho ya ndoa na katika faraja za misibani, kwa maana huko ndiko ukuta wa familia unakochokolewa vyuma vyake. Nanyi wasomi na watawa, mapadre wenzetu, tusingoje kwenda Roma ndipo tuyaone yaliyo mlangoni kwetu.

Ee Bwana Yesu Kristo, uliyemwona mjane maskini wakati wengine walitazama mawe, utupe macho yako. Uwape raha ya milele wote waliobeba mizigo ya ulimwengu wakafa pasipo kutajwa majina. Uwapatanishe ndugu waliotengwa na mipaka ya mashamba. Na siku utakapokuja, utukute tumeshikamana, jiwe lililo hai juu ya jiwe lililo hai, katika hekalu lisilobomoka.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!